Mwalimu Yuko Nairobi

Mwalimu wetu wa mtandao hakuwa mtu wa kuuliza njia. Angeweza kuzunguka Eldoret asubuhi nzima akitafuta duka la vipuri aliloingia juma lililotangulia, na hata akijikuta amepita mbele ya kinyozi yule yule tena na tena, hasimami kumuuliza mtu. Na huyu ndiye aliyetufundisha namna mashine zinavyojua njia. Tulimcheka kwa hilo, naye alijua tunamcheka. Alisema ukiuliza njia utajibiwa na mtu ambaye hajawahi kufika huko, tena atakujibu kwa uhakika kuliko aliyefika.

Nayaandika haya nikiwa na hasira ambayo sijui niielekeze kwa nani. Kuna habari moja kumhusu Mwalimu ninayoijua, watu wengi wangependa kuisikia, na siwezi kuituma. Nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza nimweleze yeye, maana mtu asiyemjua hataona shida iko wapi.

Alikuwa mtu wa mwili, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Wanafunzi wa ushonaji, waliokuwa jengo la pili, walijua mambo ya ruta, zile mashine zinazoelekeza habari njia mtandaoni, bila kujiandikisha. Miezi ya mvua alikuja chuoni na gambuti zenye matope ya Ainabkoi, kijijini kwake, akazivua mlangoni pa ofisi na kuvaa viatu vyeusi alivyoviacha chini ya meza. Kuna siku alisahau kubadilisha, akafundisha kipindi kizima na gambuti miguuni, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Alipogundua, alitulaumu sisi. Alisema darasa zima limeona jambo na hakuna hata mmoja aliyelipeleka mbele.

Chuo chenyewe kilikuwa na ruta chache, na zilizowaka zilikuwa chache zaidi. Kwa hiyo ruta tulikuwa sisi. Alitutoa nje kwenye nyasi kati ya madarasa na jiko, akatupa kamba za manila, akatugawia miji. Mimi, Jeruto, nilikuwa Timboroa kwa sababu nilikuwa navaa sweta mbili na bado nalalamika baridi. Wafula, aliyetoka upande wa magharibi kuja kupakia magunia ya mahindi mchana na kusoma jioni, alipewa Chepsaita. Mwingine alikuwa Ainabkoi, mwingine Turbo, na yeyote aliyechelewa aliwekwa katikati kuwa Eldoret, apate kazi nyingi.

Sheria ya kwanza ilikuwa salamu. Kila baada ya muda mfupi unamsalimu uliyeshika naye kamba, na katika salamu unataja majina ya wote uliowasikia. Nikimsikia Ainabkoi akitaja Timboroa katika salamu yake, najua ananisikia kama ninavyomsikia. Nisiposikia jina langu, kamba ipo lakini haihesabiki, kwa sababu huenda mimi namsikia na yeye hanisikii. Jirani akinyamaza salamu kadhaa mfululizo, unatangaza kwamba kamba kati yenu haifanyi kazi. Mwalimu hakuturuhusu kusema jirani amekufa. Hilo, alisema, hatulijui; tunachojua ni kwamba sisi hatumsikii.

Sheria ya pili ndiyo iliyomfanya mkali. Kila mji unaandika kwenye karatasi barabara zake wenyewe tu, na gharama ya kuzipita. Kiangazi, barabara ya kuingia Ainabkoi ilikuwa rahisi. Mvua ikinyesha, aliyekuwa Ainabkoi alilazimika kuandika karatasi mpya yenye gharama kubwa, maana matope yale yamewahi kumeza trekta. Karatasi inanakiliwa na kupewa kila jirani, naye anainakili na kuwapa majirani zake wote isipokuwa yule aliyempa, mpaka uwanja mzima una karatasi za miji yote. Huongezi neno, hupunguzi neno.

Siku moja Wafula aliandika kwenye karatasi yake kwamba barabara ya Timboroa imeharibika. Mwalimu aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Chepsaita, Mwalimu."

"Na Timboroa ulifika lini?"

"Sijafika. Lakini Jeruto aliniambia iko na mashimo mbaya."

"Basi Jeruto ako na mdomo. Wacha aseme mwenyewe."

Alimsimamisha nje ya nyasi mpaka kipindi kikaisha. Wafula aliumia, niliona, na Mwalimu naye aliona, lakini hakulegeza. Alitueleza kwamba zamani mashine zilifanya hivyo hivyo: kila moja inamwambia jirani yake inavyodhani mji fulani uko mbali kiasi gani, jirani anaongeza hesabu yake, anampa mwingine. Barabara ikikatika huko mbele, habari za uongo zinazunguka kati ya wawili, huyu akimtegemea yule na yule akimtegemea huyu, na hakuna anayejua kwamba barabara haipo. Aliichukia njia hiyo kama watu wanavyomchukia jirani mmbea.

Karatasi zikishafika kwa wote, kila mtu alikaa chini na kuchora ramani peke yake. Ramani zilipotoka sawa, Mwalimu alifurahi kama mtoto. Kisha kila mmoja alitafuta njia nafuu kuanzia pale alipo: unachukua mji unaofikika kwa gharama ndogo kuliko yote, unauwekea alama kwamba umemalizana nao, unaangalia kupitia huo unafika wapi, unachukua unaofuata, hivyo hivyo mpaka miji iishe. Mimi wa Timboroa nilipata safari zangu na Wafula akapata zake, kutoka ramani ile ile. Nimefanya kazi hii miaka mingi sasa, katika kampuni ya mtandao hapo mjini, na kila mtambo ukiwa na shida mimi bado naona nyasi zile na watu wameshika kamba.

Lakini mchezo alioupenda kuliko yote ulikuwa wa kulala. Alimchagua mtu, akamwambia umeme umekatika kwako, lala chini ufunge macho. Kila karatasi ilikuwa na namba, na kila ulipoandika upya uliongeza namba, ili watu wajue ipi ni mpya. Aliyelala alipoamka aliambiwa amesahau kila kitu, aanze na namba moja. Anaandika karatasi yake safi, anaipeleka kwa jirani, na jirani anaikataa. Anaambiwa hiyo ni ya zamani, sisi tuna habari zako mpya kuliko hizo. Tulicheka mpaka machozi, mtu kuambiwa na wengine kwamba wanajua habari zake kuliko yeye.

"Usibishane nao," Mwalimu alimwambia aliyeamka. "Angalia namba wako nayo, ongeza moja, sema tena. Hakuna mwingine atakusemea. Ukinyamaza, ile ya zamani ndiyo itaaminika."

Kwenye mashine kuna dawa ya hilo. Habari isiyohuishwa na mwenyewe huzeeka ikafutwa, mtandao mzima ukaisahau. Kwa watu haizeeki. Hilo hakutufundisha, na sidhani alilijua.

Alikuwa na tabia ya kutupigia simu. Jumapili alasiri, akishatoka kanisani na kula, alikaa na simu yake na kuwapitia wanafunzi wake wa zamani. Simu yenyewe haikuwa simu. Anauliza, "Upo?" Unajibu, "Nipo, Mwalimu." Anasema, "Haya," anakata. Kama ulikuwa na la kumwambia, shauri yako. Wengi waliona ni vituko vya uzee. Mimi niliona haya kumwambia kwamba Jumapili ambayo hajapiga niliangalia simu mara kwa mara mpaka jioni.

Mwaka niliopoteza mimba nilikuwa nimelala nyumbani kwangu, mtaani Langas, sitaki mtu, na simu ikalia. Akauliza kama nipo. Nikajibu nipo, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Hakukata. Alinyamaza nami simuni muda mrefu, nikisikia kuku wake wakilia huko nyuma, kisha akasema amenisikia. Kesho yake alifika kwangu jua likiwa la utosini, amebeba gunia dogo la viazi begani, analowa jasho. Alikuwa amepotea mtaani tangu asubuhi na hakumuuliza mtu nyumba yangu iko wapi. Alikaa, akanywa chai, hakusema pole hata mara moja. Alinieleza habari za mbolea.

Ndivyo alivyokuwa na neno pole. Hakulitoa na hakulipokea. Alipoteguka mguu uwanjani, mwalimu mwenzake alimwekea mkono begani akaanza kumwombea palepale, naye akajikokota akaondoka katikati ya sala, akachechemea mpaka ofisini na kufunga mlango. Ukimhurumia alikuona umemtukana. Na bado mtu huyo huyo hakuweza kula peke yake. Chakula cha mchana alikula nasi kibandani nje ya lango, akigombania nafasi kwenye benchi na vijana, ilhali chumba cha walimu kilikuwa na meza na viti. Wakati wa likizo Mama, mkewe, alilalamika kwamba anashinda barabarani akimvuta kila mpita njia aingie anywe chai. Kwa hiyo ukiniuliza alikuwa mtu wa kujificha au mtu wa watu, nitakwambia vyote viwili, na sitakuwa nimekusaidia.

Kisha simu za Jumapili zikakoma. Nilidhani labda ameharibu simu. Kila mmoja wetu alidhani jambo kama hilo, na kila mmoja alikuwa na kazi zake. Wafula ndiye aliyekwenda.

Wafula alimpenda Mwalimu kuliko sisi wote, licha ya kusimamishwa nje ya nyasi. Mwalimu ndiye aliyemtoa kwenye magunia na kumtafutia kazi yake ya kwanza ya kebo. Alifika Ainabkoi, akamkuta amepigwa na kiharusi, upande mmoja umelala, mdomo umepinda, mate yanamtoka. Alilia. Akapiga picha, akaituma kwenye grupu yetu ya wanafunzi na maneno ya kuomba tumwombee. Alifanya kama wanavyofanya watu wengi hapa kwetu wanapokuwa na mgonjwa wao, na moyo wake ulikuwa safi, nami sitaki mtu amlaumu.

Picha ilitembea. Kila aliyeipata aliwapa majirani zake wote isipokuwa aliyempa, kama tulivyofunzwa. Ilifika grupu za kanisa, za wakulima, za vyuo vingine. Mimi niliipata tena kutoka kwa shangazi yangu wa Timboroa, ambaye hakujua kwamba huyo ni mwalimu wangu. Aliniandikia tu nimwombee mzee huyu wa watu. Nilitazama ule mdomo na zile nguo za kulalia na nikatamani kuvunja simu. Watu ambao hawajawahi kusikia sauti yake walikuwa wameona mate yake.

Baadaye ukaja ujumbe kutoka kwa Mama, kupitia kwa Wafula. Mwalimu amehamishiwa Nairobi kwa matibabu, ataendelea kukaa huko kwa binti yake, tafadhali msije nyumbani, hayuko. Tulishukuru. Huko kuna madaktari, tulisema. Watu waliweka alama za mikono ya sala chini ya ujumbe huo, na kila aliyeuliza habari alitumiwa ule ule. Hata leo, mtu akiuliza, atatumiwa huo.

Mwezi uliopita nilitumwa kutazama mnara wa mtandao upande wa Timboroa. Tulipomaliza nilimwomba dereva apinde Ainabkoi, nimjulie Mama hali, maana nilimfikiria peke yake kwenye baridi ile. Dereva alibaki barabarani. Nilishuka na kijia cha nyumbani kwao, nikamkuta Mama kwenye baraza anachambua maharagwe. Kando yake, juani, amefunikwa blanketi mpaka kifuani, alikuwa Mwalimu.

Nilisimama. Mama aliniona ninavyotazama, akaendelea kuchambua. Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya kiti.

"Mwalimu, ni Jeruto."

"Ndiyo," alisema.

Sauti haikuwa ile, ilikuwa imeshuka na kukwaruza, lakini ilikuwa yake. Macho yalikuwa yake kabisa. Mkono wa kushoto ulitoka chini ya blanketi ukashika mkono wa sweta yangu, kwa nguvu, na nikajua amenitambua. Nilimuuliza kama anaendelea vizuri, akasema ndiyo. Nilimuuliza kama baridi imezidi, akasema ndiyo. Nilifurahi mno. Nilimwambia kuhusu mnara, na hitilafu tuliyoikuta, na akawa ananitazama mdomoni kama alivyotutazama zamani tukijibu swali.

Mama alinieleza bila kuinua uso kutoka kwenye maharagwe. Nairobi walikwenda kweli, wakakaa majuma machache, wakarudi. Ule ujumbe ulikuwa wa kweli siku ulipotumwa. Waliporudi hakuufuta. Alisema baada ya ile picha walikuja watu asiowajua, wakasimama hapo hapo kwenye baraza na simu mkononi, na mmoja aliomba Mzee ageuzwe kidogo aelekee mwangaza.

"Mtu ambaye hakutaka hata kuombewa mguu," alisema. "Nikaona afadhali akae Nairobi."

Nilijua ana haki. Nilijua pia kwamba hapo kwenye baraza palikuwa na viti viwili tu, na kwamba mtu aliyekuwa akivuta wapita njia waje wanywe chai alikuwa anashinda akitazama njia isiyopitwa na mtu. Nilimwaza Wafula, aliye mjini muda wote huu, safari isiyofika hata saa mbili, akituma Nairobi pesa za ibada za kumwombea. Nikatoa simu. Sikutaka kuandika mengi. Ningesema langu tu, kwamba nimemwona kwa macho yangu, yuko nyumbani, anamsikia mtu, waje mmoja mmoja na simu waziache garini. Lakini hata hayo niliona si yangu kuyasema bila yeye.

"Mwalimu," nikasema, "watu wako wanafikiri uko Nairobi. Niwaambie uko hapa? Unataka wakuje?"

"Ndiyo."

Alilisema wazi, akinitazama. Nilikuwa nimeshaanza kuandika jina la Wafula.

"Ngoja kwanza," Mama alisema.

Aliweka ungo chini. Alimfuta mumewe kidevu kwa pindo la leso, taratibu, kisha akainama usawa wa uso wake. Hakuwa na hasira. Aliongea kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza jambo analohitaji kujua.

"Mzee, unataka ikae tu vile iko? Wasikuje, wasikuone hivi?"

"Ndiyo," alisema Mwalimu.

Alilisema vile vile, kwa sauti ile ile, macho yale yale. Mama alinigeukia.

"Ni hiyo neno moja tu imebaki, Jeruto. Ukimuuliza kama yeye ni ng'ombe atakwambia ndiyo. Daktari alisema anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu. Anataka kusema ingine, inatoka hiyo. Hata kichwa akitikisa, inakuja tu hivyo hivyo."

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa amesikia. Alitazama Mama, akanitazama mimi, akafungua mdomo, ukatoka tena ule ule, ndiyo, na tena, ndiyo, ndiyo, haraka haraka, huku mkono wa kushoto umeachia sweta yangu na unapiga kiti. Machozi yakaanza kumtoka. Mama alimshika ule mkono, mimi nikashika bega, na wote wawili tukawa tunamwambia yaishe, apumzike, tumeelewa. Hatukuwa tumeelewa. Mojawapo ya yale majibu mawili halikuwa lake, yeye alijua ni lipi, na hakukuwa na njia ya kulitoa.